Nifanyeje Madaktari Wajaze Hojaji Yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Nairobi na ninachunguza jinsi madaktari wanavyowaandikia wagonjwa antibiotiki. Niliweka hojaji yangu ya maswali 46 katika kundi la WhatsApp lenye madaktari 90, na baada ya wiki tatu ni 11 tu waliojibu. Mkuu wao wa idara yuko tayari kuwaamuru wajaze. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali, tafadhali. Ridhaa ya hiari uliyoiahidi kamati ya maadili ya utafiti haipo tena pale daktari anapojaza kwa kumwogopa mkubwa wake, na majibu yenyewe yatakuwa ya kumpendeza mkubwa huyo, hasa katika suala la antibiotiki ambalo kila daktari analijua jibu linalotarajiwa.

Kinachowakimbiza, naona, ni hayo maswali 46. Mfikirie daktari aliyekesha zamuni, foleni ya kliniki imefika mlangoni, naye anafungua ujumbe wako: umri, jinsia, hali ya ndoa, chuo alichosomea, na kabla hajafika kwenye antibiotiki ameshaitwa wodini. Mwaka 1951, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walipowaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kuhusu uvutaji sigara, waliyafanya maswali yawe machache na mepesi kwa makusudi. Madaktari zaidi ya 40,000 walijibu, yaani takriban theluthi mbili ya walioandikiwa, na majibu hayo yakasaidia kuthibitisha kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu.

Kwa hiyo bakiza maswali yatakayoenea ukurasa mmoja, uirejeshe hojaji kwa kamati iidhinishe mabadiliko, kisha uache kutegemea kundi. Mwandikie kila daktari kwa jina lake, au omba dakika kumi katika mkutano wao wa asubuhi ugawe karatasi na bahasha zisizo na majina. Ukiwa na uwezo wa kutoa ahsante ndogo, na kamati ikiridhia, itoe pamoja na hojaji, kwa kuwa imeonekana kuwa huvuta majibu mengi kuliko inayoahidiwa baadaye. Waambie pia siku utakayorudi kuwasomea matokeo, na urudi kweli. Wengi wamejazia watafiti karatasi ambazo hawakusikia habari zake tena.

Atakayenyamaza baada ya kukumbushwa mara mbili mwache, lakini taja katika tasnifu yako idadi ya walionyamaza, kwa sababu huenda hao ndio wanaoandika antibiotiki kwa wingi zaidi.