Binti Yangu Amenyamaza Ugenini

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka minne na mvulana wa mwaka mmoja na nusu. Tulihamia Hamburg, Ujerumani, mwezi wa Agosti tukitokea Tanga, baada ya mume wangu kupata kazi huku. Binti yangu, ambaye Tanga majirani walimbandika jina la Redio kwa jinsi alivyokuwa akiongea, hajatamka neno hata moja mbele ya walezi wa chekechea tangu aanze Septemba. Hukaa karibu na dirisha akiwatazama wenzake, na akitaka maji huonyesha kwa kidole. Akifika nyumbani huongea mpaka alale. Dada mmoja wa nyumbani, aliyekaa huku miaka mingi, amenishauri tuache kabisa Kiswahili ndani ya nyumba ili mtoto asibaki nyuma, lakini Kijerumani changu mimi ni cha kuombea mkate dukani. Huyu mdogo naye anatakiwa kuanza Januari, na nikifikiria kumwacha analia, machozi hunitoka mimi kwanza. Giza linaingia saa kumi alasiri, siku nyingine hatutoki kabisa, na mtu pekee tunayezungumza naye ni bibi yao, anayetupigia simu kila Jumapili. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Hamburg

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni na baridi. Nianze na Kiswahili, kwa kuwa ushauri uliopewa, ingawa umetolewa kwa nia njema, ndio unaoweza kuwadhuru zaidi. Usikiache. Mtoto wa miaka minne anayesema “kikombe changu kimevunjika” na “viatu vyangu vimelowa” bila kukosea amekwisha kujenga kichwani mwake lugha nzima, na hiyo ndiyo ngazi atakayopandia Kijerumani. Ukimwondolea, atabaki na hicho Kijerumani chako cha mkate, ilhali kilichonyooka anakisikia chekechea kila siku kutoka kwa wenye nacho. Isitoshe, mama anayetafuta maneno hawezi kumbembeleza mtoto, wala kumkanya, wala kumjibu anapouliza kwa nini mwezi unawafuata njiani.

Kunyamaza kwake si kurudi nyuma. Watoto wengi wanaoingizwa ghafla katika lugha mpya hupitia kipindi cha kusikiliza tu, ambacho kwa wengine ni cha wiki chache na kwa wengine ni cha miezi kadhaa. Huyo aliye dirishani yumo kazini: anaangalia nani anasema nini, na akisema hivyo hupewa nini. Wangu wa pili, tulipokuwa ugenini, alikaa kimya tangu kabla ya Krismasi hadi karibu na Pasaka, kisha siku moja mwenzake akamnyang'anya baiskeli, naye akamtolea sentensi nzima ya hasira ambayo mimi mwenyewe nisingeweza kuitunga. Mwombe mlezi asimlazimishe kujibu mbele ya wenzake, na umwandikie kwenye karatasi maneno kama kumi ya Kiswahili, kama vile “maji”, “choo”, “naumwa” na “basi”, pamoja na maana zake, ili kidole kisiwe njia pekee ya binti yako kueleweka. Ukiona amenyamaza hata nyumbani, au ameacha kucheza na kula, au nusu mwaka umepita bila neno lolote huko chekechea, hapo mwone daktari wa watoto bila kungoja.

Atakapoanza kuchanganya, usimcheke. Akisema “Mama, nataka Milch,” mwitikie tu: “Unataka maziwa? Haya, lete kikombe chako.”

Na bibi yao mnamtumia kidogo mno. Wakati wa baridi Tanzania huwa mbele ya Ujerumani kwa saa mbili, kwa hiyo wajukuu wakipanda kitandani saa moja usiku, Tanga ni saa tatu, bibi ameshakula na ametulia. Badala ya salamu za Jumapili peke yake, mwombeni awape hadithi fupi siku mbili au tatu kwa wiki, kwa simu ya video. Akisema “Paukwa!” hataendelea mpaka mtoto ajibu “Pakawa!”, na mtoto aliyeshinda kimya kutwa nzima anapata mahali ambapo sauti yake inangojewa.

Kuhusu kubaki nyuma, Hamburg ina utaratibu wake. Mtoto akikaribia miaka minne na nusu, wazazi huitwa naye katika shule ya msingi ya mtaani, na mwalimu hutazama ukuaji wake na lugha yake. Akionekana anahitaji msaada zaidi wa Kijerumani, huwekwa katika darasa la awali mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Barua hiyo ikija, msiipokee kama hati ya kuitwa mahakamani.

Huyo mdogo hutamwacha mlangoni analia, maana vituo vingi vya kulelea watoto mchana huko hufuata utaratibu waitao Eingewöhnung, yaani kumzoeza mtoto kidogo kidogo. Katika mtindo unaotumika sana, siku tatu za mwanzo mzazi hukaa na mtoto humo chumbani kwa muda wa saa moja hivi kisha huondoka naye, na jaribio la kwanza la kumwacha, la dakika chache tu, huja siku ya nne au baadaye. Mwambie mwajiri wenu mapema kwamba jambo hili huchukua wiki kadhaa. Ukiwa humo, kaa pembeni umwachie mlezi nafasi ya kumkaribia, na ukitoka, muage. Wengi wetu tumelelewa kutoroka mtoto akiwa amegeuka, lakini aliyetorokwa mara moja hukuganda mguuni wiki nzima. Mwachie kanga yako uliyokwisha kuivaa, isifuliwe, ailalie mchana.

Hilo la giza si uvivu wako. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg huchomoza karibu na saa mbili unusu na kuzama saa kumi, na saa yetu ya Kiswahili, iliyozoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima, haina pa kujishikiza huko. Tokeni kila siku kabla ya saa nane mchana, hata kwa nusu saa, hata kukinyesha. Wenyeji huwavalisha watoto suruali isiyopitisha maji na buti za mvua, wakaingia madimbwini bila kugombezwa. Nunueni za mtumba, kwa kuwa watoto hukua wakaziacha zikiwa bado nzima. Muulize daktari kuhusu vitamini D kwa wote wawili, maana ngozi yetu nyeusi huitengeneza polepole chini ya jua dogo kama hilo. Na Jumamosi, kwa kuwa Jumapili maduka hufungwa, nendeni mtaa wa Steindamm, karibu na kituo kikuu cha treni, mkatafute unga na ndizi za kupika.

SWALI

Mama, tunahamia Ujerumani mwakani na watoto wa miaka mitatu na mitano. Kitu gani kisikose katika mizigo yetu?

Baba, Arusha

JIBU

Nguo za baridi msijaze. Mtazipata huko kulingana na baridi yenyewe. Visivyokosekana ni vyeti halisi vya kuzaliwa vya RITA na kadi za kliniki, na mvibebe mkononi. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani hudai uthibitisho wa chanjo ya surua kabla mtoto hajapokewa chekechea, na aliyetimiza miaka miwili anatakiwa awe na dozi mbili. Kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa hiyo tazameni leo kama imeandikwa. Mkishapata nyumba, jiandikisheni katika ofisi ya makazi ndani ya wiki mbili, maana benki na chekechea zote zitaidai karatasi hiyo. Nafasi itakayobaki wekeni vitabu vya hadithi vya Kiswahili, na mwiko mmoja wa kusongea ugali, kwa kuwa vijiko vya mbao vya huko huvunjika shingo.