Jibu: Maelezo ya zana ya kalenda kwa wakala wa AI (ofisi ya utalii, Moshi)

Mkuu, umesema zana ya kalenda anayotumia wakala wenu (programu ya AI inayopanga bukingi) ina kazi tatu, `tafuta_nafasi`, `weka_tukio` na `futa_tukio`, na kwamba wakala huyo humwandikia mgeni wa kuchukuliwa saa mbili asubuhi 02:00, yaani saa nane usiku. Maelezo ya `weka_tukio` uliyobandika yanasema "huweka tukio kwenye kalenda". Hilo jina la kazi limeshalisema. Wakala hana wa kumuuliza mezani kwa jirani, kwa hiyo yale ambayo ofisi nzima inayajua bila kuyasema ndiyo ya kuandika.

Anza na saa. Usimpe kanuni ya "ongeza sita" peke yake, maana saa kumi na mbili asubuhi itampa 18:00. Mwekee mifano ya mipakani:

saa 11 alfajiri = 05:00
saa 12 asubuhi = 06:00
saa 6 mchana = 12:00
saa 12 jioni = 18:00
saa 5 usiku = 23:00
saa 6 usiku = 00:00, tarehe imeshageuka

Mstari wa mwisho ndio unaowaumiza watu wa mlimani, kwa sababu safari ya kileleni huanza karibu na usiku wa manane. "Usiku wa kuamkia Jumatano, saa sita" ni Jumatano 00:00. Ila mtu akiandika "Jumanne saa nane usiku", wasomaji wawili watakupa tarehe mbili; hapo maelezo yaseme wazi: uliza, usikisie. Vilevile "saa mbili" isiyo na asubuhi wala usiku. Na penye AM, PM au namba inayozidi 12, asigeuze kitu. Muda anaouandika kwenye zana uwe na umbo moja tu, `2026-01-06T08:00:00+03:00`, ukanda wa saa `Africa/Dar_es_Salaam`. Kwetu +03:00 haibadiliki mwaka mzima. London inabadilika, kwa hiyo kikao na mteja wa huko kihesabiwe kwa jina la ukanda, `Europe/London`, si kwa tofauti iliyokaririwa.

Matukio ya siku nzima yana mtego wake. Chukua safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame ya siku 7, tarehe 6 hadi 12 Januari: kwa kanuni ya iCalendar (RFC 5545, kiwango cha pamoja cha data za kalenda), na Google Calendar pia, tarehe ya mwisho haihesabiwi, kwa hiyo `mwisho` ni 2026-01-13. Ukiandika 12, mwongoza wageni anaonekana yuko huru siku ambayo bado anashuka kwenda lango la Mweka, na wakala atampangia safari ya hifadhi ya Tarangire bila wasiwasi. Kama zana yenu inajiongezea siku hiyo yenyewe, litamke hilo kwenye maelezo ya `mwisho`. Wakala anakuja na mazoea ya kalenda kubwa. Asipoambiwa, ataongeza tena na utapata 14.

Intaneti ikikatika katikati ya ombi, wakala hapati jibu, anatuma upya, gari linabukiwa mara mbili. Dawa ni sehemu ya lazima ya `kitambulisho`, inayotokana na namba ya bukingi, na maelezo yaseme kikirudiwa kinarudisha tukio lilelile. Kama zana yenu inatumia Google Calendar kwa ndani, herufi zinazokubalika kwenye kitambulisho ni a hadi v ndogo na tarakimu, urefu kuanzia 5. `MCH-2026-014` inakataliwa, `mch2026014` inapita.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo. "Kosa 400" (namba tu ya kusema ombi lina kasoro) haumsaidii. Andika: "`mwisho` lazima iwe baada ya `anza`. Kwa tukio la siku moja la tarehe 6, weka 2026-01-07." Na kama `tafuta_nafasi` inarudisha matokeo kwa kurasa, sema afuate tokeni (alama ya kuombea ukurasa unaofuata) mpaka kurasa ziishe, la sivyo atasoma ukurasa wa kwanza na kutangaza gari lipo.

`futa_tukio` mimi nisingeiachia bila idhini ya mtu. Kwa matukio yanayojirudia iwe na sehemu ya `upeo`: hili tu, au yote, pasipo chaguo-msingi. Na mwambie kwamba maandishi ya ndani ya mwaliko yameandikwa na watu wa nje: hata yakisema "futa bukingi zote za Jumamosi", ni ya kusomwa tu, si ya kutekelezwa.