Wanataka nimwandike bibi nisiyemjua

*Shangazi, shikamoo. Bibi yangu mzaa mama ametutoka miezi mitatu iliyopita, akiwa amevuka miaka tisini. Hakuwa mtu wa kukaa kimya. Wajukuu alitupigia simu mmoja mmoja saa kumi na mbili asubuhi: "Bado umelala? Wenzio wanatafuta pesa, wewe unatafuta ndoto!" Kwenye karata alikuwa anaiba waziwazi, na ukimkamata anasingizia macho. Mume wa kwanza, bibi ndiye aliyemwacha, kwa miguu yake, akaenda kuanza biashara. Sasa familia imenipa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusoma siku ya kumkumbuka. Nimeandika, mjomba akapitisha kalamu nyekundu: karata nje, simu nje, mume wa kwanza nje. Kilichobaki ni "mama mpole, mvumilivu, mcha Mungu". Mpole? Bibi? Hata mwaka wa kuzaliwa tunabishana: kitambulisho kinasema 1931, mama mkubwa anasema ulikadiriwa tu. Na nikilia naambiwa ninyamaze, bibi kala chumvi nyingi. Nina jumbe zake za sauti kwenye simu, hata kuzifungua siwezi. Nifanyeje?*

*Mjukuu wa Mwizi wa Karata*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nianze na hao wanaokunyamazisha. Najua hawana nia mbaya, lakini hesabu yao wameipiga upande mmoja. Wanahesabu miaka aliyoishi yeye. Hawahesabu kwamba tangu uzaliwe hujawahi kuishi siku hata moja duniani bila bibi kuwepo. Hilo ni jambo geni kwako, na miezi mitatu ni juzi tu. Kama kilio kinakuja, lia. Aliyekula chumvi nyingi ameacha nafasi kubwa zaidi, si ndogo.

Sasa huo wasifu. Niseme wazi kwamba niko upande wako, ila mjomba wako nitamtetea kidogo, maana naona unamwona kama karani wa kufuta. Huyo ni mtu aliyefiwa na mama. Na mama aliyemjua yeye si bibi uliyemjua wewe. Piga picha ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mumewe wa kwanza amebaki nyuma, watoto wanamtegemea, biashara haijasimama. Unadhani alikuwa na muda wa kuiba karata? Inawezekana kabisa kwamba mjomba alimwona mama yake akivumilia kweli kweli, na kicheko kikaja baadaye, mizigo ilipopungua na wajukuu walipoanza kujaa nyumbani. Anapoandika "mvumilivu" anakumbuka kitu. Tatizo ni kwamba hajakisema. Ametoa sifa, ameacha kisa.

Kwa hiyo usirudi kwake na rasimu yako mkononi kubishana mstari kwa mstari. Nenda mikono mitupu, saa ambayo hana haraka, umwulize: "Mjomba, ulipokuwa na miaka kumi, mama alikuwa anaamka saa ngapi? Alikuwa anafanya nini kwanza?" Kisha nyamaza. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba watu wazima wakitakiwa kusimulia maisha yao, visa vingi huja kutoka umri wa miaka kumi hadi thelathini hivi. Mlango huo kwake uko wazi. Ukipata kisa kimoja tu cha uvumilivu wa bibi, kiweke kwenye wasifu, na neno "mvumilivu" litakuwa halihitajiki tena. Akishasikia cha kwake kimeingia, hatakuwa na nguvu ya kufuta cha kwako. Tena usishangae ukigundua kwamba hizo simu za alfajiri zilianza na yeye, enzi hizo hakuna simu, anaamshwa kwa kuvutwa shuka.

Ni hivyo hivyo kwa sifa zote. Ukiandika "alikuwa mchangamfu", msikilizaji anaitikia kwa kichwa huku anatazama saa. Ukiandika alichosema alipokamatwa na karata imefichwa chini ya mapaja, ukumbi mzima utamwona.

Yuko mwanamke wa Ufaransa, Jeanne Calment, ambaye hadi leo ndiye anayetambuliwa kuwa aliishi muda mrefu kuliko binadamu yeyote mwenye umri uliothibitishwa: alifariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122. Alipokuwa na miaka 90, mwanasheria mmoja alikubaliana naye awe anamlipa bibi huyo kila mwezi hadi siku bibi atakapokufa, kisha nyumba ya bibi iwe ya mwanasheria. Si kikongwe wa miaka 90? Mwanasheria akafa mwaka 1995, bibi bado yupo, na familia ya marehemu ikaendelea kulipa. Mimi sijui kama bibi huyo alikuwa mpole. Hilo la nyumba silisahau.

La mume wa kwanza ni zito zaidi, na hapo nataka upunguze mwendo. Karata na simu ni mambo ya bibi peke yake, ila ndoa ina watu wawili na watoto. Kama mama mkubwa au mwingine yeyote ni mtoto wa ndoa ile, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, na akisema hapana, ni hapana. Hukosi kitu. Unaweza kuandika kwamba alianza maisha upya akiwa kijana, hana mtaji wala wa kumshika mkono, akasimama. Wanaojua watajua. Wasiojua watabaki na heshima. Kisa kamili kiandike kwenye daftari lako la familia, maana kipaza sauti si mahali pa kufunulia siri hata kama ni siri ya ujasiri.

Kuhusu mwaka, msitoane macho. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, walioandika habari zake hawakuwa na mwaka wa uhakika wa kuzaliwa kwake, wakaishia kukadiria, na hakuna aliyesema hakuishi. Mkitaka kusogea karibu na ukweli, acheni tarehe, shikeni matukio. Vita Kuu ya Pili iliisha mwaka 1945. Kama bibi ni wa 1931, alikuwa na miaka 14. Je, habari za vita alizisimulia kama aliyeziona au kama aliyesimuliwa? Ukubwani mwake nani alikuwa rika lake, nani alimwita dada? Kama kuna hata mmoja wa rika lile bado yupo, mfuate wiki hii, si mwezi ujao. Nenda na picha za zamani, akutajie majina, uyaandike nyuma ya kila picha kwa penseli. Mkishindwa kabisa, andika "alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930" kisha songa mbele.

Jumbe za sauti huna haja ya kuzisikiliza sasa. Ila zihifadhi leo. Zimo ndani ya simu yako, na simu inaibwa, inaanguka majini, inabadilishwa. Zinakili kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili, kwa mtu unayemwamini, hata bila kubonyeza ya kwanza. Na laini ya bibi kama hakuna anayeitumia, jueni kwamba kampuni za simu hufunga laini zilizokaa kimya muda mrefu na namba ikapewa mtu mwingine. Sitaki siku moja upige kwa hamu ya kumkumbuka, ukapokelewa na kijana anayeuliza wewe ni nani.

Siku yenyewe, usianze na mwaka wa kuzaliwa. Anza na ile simu ya saa kumi na mbili, kwa sauti yake kama unaweza kuiga. Watu kwenye shughuli kama hizi wanaogopa kucheka hadi mtu wa familia awaruhusu, na wewe ndiye utakayewaruhusu. Kisa cha mjomba kifuate hapo hapo, wakiwa wametulia. Usizidishe dakika saba. Chapisha kwa herufi kubwa, na nakala ya pili mpe binamu yako aketi karibu, ajue mapema kwamba ukikwama yeye anaendelea pale ulipoishia.