Wadogo zangu, kabla hamjanunua drili ya barafu, ile ya kutobolea ziwa lililoganda tuvue samaki kwenye shimo, nisikilizeni kidogo

Jumamosi nimekaa zangu juu ya ndoo, ndoano iko majini, chai iko mkononi, mara nasikia drili inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Kugeuka namwona kijana kapiga magoti, kashika drili ya volti 18 ile ya kufungia skrubu za kabati, kaifunga biti ya inchi 10, ule msokoto mrefu unaotoboa barafu, mkono wa pembeni wa drili hajaufunga, kila biti ikikwama kifundo cha mkono kinazunguka nayo. Harufu ya mota kuungua ilinifikia hadi pale nilipokaa. Nikamfuata, mdogo wangu, inchi 10 ya nini? Akasema kaka, samaki wakubwa. Samaki mkubwa kuliko wote waliotoka siku ile alikuwa sawa na kiganja changu.

Na si yeye tu, kila msimu ni hivi hivi. Sasa naandika mara moja niache kupayuka juu ya barafu, na nikikuta mtu kasoma hapa halafu kafanya yale yale nitamcheka mbele za watu.

1. Upana wa shimo. Mnaona inchi 2 ni kitu kidogo, lakini shimo ni duara jamani, pigeni hesabu ya mraba: 6 kwa 6 ni 36, 8 kwa 8 ni 64, 10 kwa 10 ni 100. Yaani ukitoka 6 kwenda 10 unakwangua barafu karibu mara 3 kwa kina kile kile, na betri ni ile ile. Kwa drili ya mkono chukua 6, ukizidi sana 8, na iwe ina mota isiyo na brashi, gia ya kwanza ile ya nguvu, mkono wa pembeni umefungwa. Inchi 10 ziachieni zile mashine za volti 40 na kwenda juu zenye mikono miwili.

2. Betri. Volti peke yake haikwambii utatoboa mpaka saa ngapi, zidisha volti kwa ampea-saa: 18 mara 5 ni wati-saa 90, 40 mara 5 ni 200. Na ule mstari wa kwenye boksi, sijui mashimo 40 kwa chaji moja, tafuta walipima barafu unene gani, maana mashimo 40 ya sentimita 30 ni mita 12, ukikuta barafu ya sentimita 60 hayo ni mashimo 20 na hapo betri iwe haijapigwa na baridi. Betri ya lithiamu ikipigwa na baridi inajifanya imekwisha wakati bado imo. Mimi zangu mbili zinakaa kifuani ndani ya koti, mke wangu anasema natembea kama mama aliyebeba mapacha, acha aseme, jioni bado natoboa. Ila kuichaji ikiwa chini ya sifuri usithubutu, lithiamu inaganda kama metali kule ndani na betri haitarudi tena kuwa ile. Ilete ndani, iache ipate joto lenyewe, kula kwanza, ndio uchomeke.

3. Visu, vile vya kwenye ncha ya biti. Bapa kwa barafu mpya na safi, vyenye meno kwa kufungua mashimo ya zamani, na kifuniko cha visu kisitoke mpaka uko juu ya barafu kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kukuharibia siku.

4. Sahani. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Msimu wangu wa pili nilinunua biti ya chuma ya kufunga kwenye drili, ikaja na sahani ya plastiki, ile inayokaa juu kati ya drili na biti, pana kuliko shimo. Kazi yake ni moja tu, biti ikichomoka kwenye drili isipite. Mimi nikaiona inanisumbua, inagonga gonga kwenye sleji ninayoburutia vitu, inanizuia nisione shimo vizuri, nikaivua nikaitupa stoo. Mzee aliyenifundisha haya mambo aliniangalia asubuhi ile akauliza, sahani yako iko wapi? Nikamwambia iko nyumbani, mzee wangu. Akanyamaza. Nawaambia, mzee akinyamaza hivyo we funga vitu vyako rudi nyumbani.

Mashimo manne yakaenda safi kabisa, nikaanza na kupiga mluzi. La tano likatoboka, maji yakapanda, uji wa barafu ukajaa mdomoni mwa shimo. Nikajifanya fundi, nikaweka rivasi niusukume uji chini. Sasa mdomo wa drili ule wa kukaza kwa mkono, rivasi ndiyo inaulegeza, na hilo nilikuwa nalijua kabisa kwa sababu nyumbani ndivyo ninavyoufungua! Ghafla drili ikawa nyepesi. Yaani nikafurahi, nikadhani shimo limesafika. Kuangalia, nimeshika drili mdomo wazi kama kinda la ndege linalosubiri kulishwa, na shimoni uji unazunguka polepole, basi. Hata mlio hakuna. Biti imekwenda.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuingiza mkono mpaka begani, msiniulize kwa nini, kina kilikuwa mita 11 na mkono wangu ni mkono tu. Nikafunga ndoano ya pembe tatu na risasi nzito, nikaanza kuivua biti yangu kama samaki. Saa nzima na nusu. Nilikuwa naisikia kabisa kwenye uzi, tik, tik, chuma kwa chuma, mara mbili ikainuka kidogo moyo ukaenda mbio, mara mbili ikateleza. Jamaa wa pembeni wakanyamaza kwanza kwa heshima, halafu mmoja akauliza kama ninatumia chambo gani, hapo nikajua yamekwisha.

Usiku sikulala, nikatafuta sumaku kubwa na kamba. Kesho yake alfajiri nikafika, shimo limeganda. Na cha kutobolea kiko chini ya shimo. Nikasimama pale na sumaku yangu mkononi kama mganga aliyesahau dawa. Ikabidi nianze na mtaimbo, dang, dang, barafu ya sentimita 40, glavu zimelowa jasho kwa ndani, mwisho nikafungua kitundu cha kupitisha sumaku, nikashusha, nikaburuta huku na huku, ikaja na matope matupu.

Mzee akanikuta hapo. Akachungulia shimoni, akasema, sasa hiyo sahani ilikuwa inakunyima nini? Halafu akakaa chini akaniambia na yeye iko moja kule ndani, tangu ujana wake.

Kwa hiyo ukiwa dukani acha kwanza kuulizia volti, shika ile sehemu drili inapokutana na biti. Adapta yenye pini inayopita katikati ni bora kuliko kubanwa na mdomo peke yake, sahani iwepo, au ile ya povu inayofanya biti ielee. Hata ile mashine nzima inayokuja na mota yake ina pini pale biti inapochomekwa, iangalie kila asubuhi.

5. Drili si kipimo cha usalama. Tembea na mtaimbo unagonga mbele yako, barafu angavu sentimita 10 ndiyo mwanzo wa kutembea kwa miguu, nyeupe yenye theluji ndani hesabu mara mbili, na misumari ya kujivutia ukitumbukia majini ikae shingoni, isikae kwenye begi.

Yule kijana wa Jumamosi nilimwazima drili yangu ya inchi 6, sahani imo, pini imo. Akatoboa mashimo sita huku anacheka peke yake, akanirudishia na asante kaka nyingi sana. Nikaipokea, nikaangalia chini. Alikuwa ameisimamisha pale ufukweni kwenye changarawe, visu chini, bila kifuniko.