Demio ya dizeli au ya petroli? Na X-Trail yangu niifanyeje?

Swali: Fundi, habari. Naishi Juja na ofisi yangu iko Upper Hill. Siku hizi naenda ofisini Jumanne na Alhamisi tu. Siku nyingine tatu gari linabaki na mke wangu, anapeleka watoto shule kilomita tatu hivi kutoka nyumbani na kwenda kuwachukua jioni. Mara mbili kwa mwezi tunaenda Karatina kuona wazazi. Nina Nissan X-Trail ya 2011, petroli, 2000 cc, na mafuta yake yananimaliza. Yadi moja Ngong Road imeniambia niilete, wataihesabu kwa 700,000, niongeze 550,000 nichukue Mazda Demio ya dizeli ya 2017. Lakini naambiwa dizeli ndogo hizi zinasumbua. Nishauri.

Jibu: Tuanze na hesabu ya mafuta, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya uandike. Ofisini na kurudi ni kama kilomita 80, mara mbili kwa wiki. Shule ni kilomita 12 kwa siku, siku tatu. Ongeza Karatina mara mbili na unafika karibu kilomita 1,250 kwa mwezi. X-Trail yako kwa mwendo huo hupata kama kilomita 9 kwa lita, yaani lita 139. Demio ya petroli ya 1300 cc hupata kama 15, yaani lita 83. Demio ya dizeli ya 1500 cc hupata kama 19, yaani lita 66.

Angalia vizuri pale akiba inapotoka. Kuacha gari kubwa kunakuokolea lita 56 kila mwezi. Kuchagua dizeli badala ya petroli kunakuongezea lita 17 tu juu ya hizo. Zizidishe kwa bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza kila tarehe 14 na utaona kwamba injekta moja ya dizeli (kinyunyizio cha mafuta ndani ya silinda) ikifa, inameza akiba hiyo ya miezi mingi. Kwa hiyo usinunue dizeli kwa sababu ya bei ya lita. Inunue ikiwa safari zako zinaifaa, na ikiwa gari lenyewe limepita ukaguzi ninaoueleza hapa chini.

Wanaokuambia zinasumbua hawakudanganyi, ila mara nyingi hawakuelezi kwa nini. Injini ya dizeli ya Demio, ambayo Mazda huiita Skyactiv-D, ina chujio la masizi kwenye njia ya ekzosi. Mafundi wote huliita DPF. Masizi ya injini yananaswa humo, na kila baada ya kilomita kadhaa, karibu 200 kwa gari lenye afya, kompyuta inaagiza mafuta ya ziada yanyunyizwe ili joto la ekzosi lipande hadi nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji injini iliyokwisha kupata moto na gari linalotembea kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatizwa.

Sasa mpe mtu gari hilo alitumie kilomita tatu za shule peke yake. Injini haijapata moto vizuri, tayari imezimwa. Kompyuta inaanza kusafisha, inakatizwa, inaanza tena kesho. Yale mafuta ya ziada ambayo hayakuungua hushikamana na kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi na kipimo chake kinapanda badala ya kushuka. Huku juu, masizi yanayorudishwa na vali ya EGR, ile inayopeleka sehemu ya moshi wa ekzosi tena kwenye injini, yanachanganyika na mvuke wa oili na kuganda kama lami ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Gari linaanza kukosa nguvu, linakula mafuta, na chujio linaziba. Hapo ndipo watu huanza kusema dizeli za Mazda ni mbovu.

Kwa upande wako, siku mbili za ofisini ndizo zinazokuokoa. Kilomita 40 za Thika Road ukitoka mapema kabla ya msongamano zinatosha kabisa kulisafisha chujio, na safari ya Karatina inalisafisha zaidi. Kwa hiyo ndiyo, dizeli inakufaa, lakini inakufaa kwa sababu ya Jumanne na Alhamisi. Ukihamia kufanya kazi nyumbani moja kwa moja, au ukianza kwenda mjini kwa matatu, chukua ya petroli bila kusita. Na mke wako ajue jambo moja: akiwa anafika nyumbani na aone mfumo wa i-Stop haujazima injini kwenye makutano kama kawaida, huku skrini ikionyesha mafuta yanaliwa kwa kasi, huenda gari linajisafisha. Asilizime. Aendelee hadi barabara kuu na kurudi.

Taa ya DPF ikiwaka bila kumweka, injini ikiwa moto, endesha zaidi ya kilomita 20 kwa saa kwa dakika 15 hadi 20 bila kusimama na itazimika. Ikianza kumweka, hiyo tena si kazi ya barabara, peleka kwa fundi mwenye kompyuta ya Mazda siku hiyohiyo.

Faida moja ya dizeli hii ambayo watu huisahau ni turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Hii ya dizeli ina torki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 250 ikiwa na giaboksi ya otomatiki, kwa hiyo kwenye milima ya kuelekea Karatina, watu wanne na gunia la viazi nyuma, hutaikumbuka X-Trail. Giaboksi yenyewe ni ya gia sita za kawaida, si CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua), na injini inatumia cheni badala ya mkanda.

Kuhusu ukaguzi. Waambie yadi kwamba unakuja asubuhi na hutaki gari liwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama kuna vuguvugu, ondoka urudi siku nyingine, kwa sababu injini ya dizeli yenye injekta dhaifu au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) iliyoshuka hujionyesha zaidi ikiwa baridi.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Usiogope oili kuwa nyeusi, dizeli zote huifanya hivyo baada ya siku chache. Unachotafuta ni kiwango. Juu ya alama ya juu kabisa kuna alama ya X. Oili ikiwa imefika hapo, gari limekuwa likijaribu kujisafisha bila kumaliza, na dizeli imo ndani ya oili. Inusie pia.

Kisha zunguka nyuma na tishu nyeupe. Iingize ndani ya bomba la ekzosi, izungushe mara moja, itoe. Gari ambalo chujio lake ni zima hutoa tishu yenye vumbi kidogo la kijivu, kavu. Tishu ikitoka nyeusi tititi kama uliyofutia sufuria ya jikoni la kuni, basi chujio limepasuka au limetobolewa. Hii ya pili ni ya kawaida hapa Nairobi: kopo la chujio linakatwa, vitu vya ndani vinatolewa, linachomelewa tena, na kompyuta inadanganywa ili taa isiwake. Ingia chini ya gari na tochi utafute mstari wa kuchomelea kwenye kopo hilo. Ukiuona, usinunue hata kwa punguzo, kwani hujui walilibomoa kwa tatizo gani, na tatizo hilo bado limo.

Baada ya hapo, kompyuta. Usikubali kusomewa neno "hakuna misimbo" tu, yaani namba za hitilafu ambazo gari huhifadhi. Mwambie fundi akuonyeshe umbali tangu misimbo ifutwe. Gari la yadi ambalo misimbo yake ilifutwa kilomita 6 zilizopita lina kitu kilichofichwa. Akuonyeshe pia umbali kati ya kujisafisha kwa mwisho na kule kwa kabla yake, na tofauti ya presha kabla na baada ya chujio. Injini ikiwa moto na ikinguruma bila kukanyagwa, tofauti hiyo iwe karibu na sufuri. Gari linalojisafisha kila baada ya kilomita 60 au 70 lina masizi mengi kupita kawaida, na chanzo mara nyingi ni injekta, EGR au turbo. Misimbo ya kukumbuka ni P2463 kwa masizi yaliyojaa, P2002 kwa chujio lisilofanya kazi, P0401 kwa EGR iliyoziba na P0299 kwa turbo isiyosukuma vya kutosha.

Kuendesha kwa majaribio kusiwe kuzunguka yadi. Toka Ngong Road hadi Southern Bypass, nusu saa au zaidi, kompyuta ya fundi ikiwa imeunganishwa. Gari livute kuanzia mizunguko 1,500 ya injini kwa dakika bila kusita, na mtu aliye nyuma yako asione moshi mweusi.

Namba ya chesisi ianze na DJ5FS, au DJ5AS kama ni ya magurudumu manne. Ikianza na DJ3 hilo ni la petroli. Kwa hiyohiyo namba, ingia tovuti ya Mazda ya Japani uangalie miito ya marekebisho. Mwaka 2018 Mazda iliyaita magari ya dizeli ya 1500 cc yarudishwe kurekebishwa kule kwao, Demio ikiwemo, kwa sababu masizi yalikuwa yakiganda kuzunguka vali za ekzosi na kupunguza kompresheni. Gari lililofanyiwa kazi hiyo kabla ya kupakiwa melini ni afadhali kuliko lisilofanyiwa. Omba pia cheti cha usafirishaji cha Japani, kwani kina usomaji wa mileji. Ulinganishe na dashibodi.

Ukishalinunua, oili ndiyo itakayoamua maisha yake. Nunua 5W-30 yenye alama ya DL-1 au ACEA C3 kwenye mkebe, badilisha kila kilomita 5,000. Usikubali ile 15W-40 ya malori eti "ni ya dizeli". Masizi huungua yakawa gesi na kutoka, lakini oili ya malori ina viungo vinavyoacha majivu, na majivu hayaungui. Yanabaki kwenye chujio hadi lizibe, na hakuna safari ya Thika Road itakayoyatoa. Na kwenye kituo cha mafuta, shuka uongee na mhudumu mwenyewe. Gari dogo hivi, mkono wake unaenda kwenye petroli kwa mazoea. Ikimiminwa kwa bahati mbaya, usiwashe hata kusogeza gari, tangi likaushwe hapohapo, maana pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe.

Tuje kwa X-Trail. Katika kubadilisha gari kwa gari, yadi hucheza na bei mbili kwa pamoja ili usione hata moja. Zitenganishe. Mtume rafiki yako aulize bei ya Demio hiyohiyo kwa pesa taslimu, bila gari la kubadilisha. Tuseme wamwambie 1,150,000. Wewe umepewa 700,000 na nyongeza ya 550,000, jumla 1,250,000, kwa hiyo ukweli ni kwamba X-Trail yako imehesabiwa kwa 600,000. Kama mnunuzi wa kawaida atakupa 800,000, nyongeza yako halisi inakuwa 350,000. Hizo 200,000 za tofauti ni bei ya kukwepa usumbufu wa kuuza mwenyewe, na kwa maoni yangu ni ghali mno. Tofauti ikiwa chini ya 50,000 au 60,000, wape yadi uende zako.

Pata thamani iliyoandikwa na mthamini asiyehusika, AA Kenya kwa mfano, kisha utangaze mwenyewe kwa wiki tatu hivi. Usipake rangi mpya, wanunuzi huishuku. Tengeneza taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi, hakikisha AC inatoa baridi, na kama CVT haijabadilishwa mafuta, yabadilishe na utunze risiti. Mnunuzi wa X-Trail huuliza CVT kabla ya kitu kingine.

Karatasi zinahitaji ukali zaidi kuliko bei. Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya utafutaji wa rekodi za Demio kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, uone ni la nani na kama benki ina haki juu yake. Jina likiwa la mtu ambaye hayupo mezani, kaeni mngoje awepo. Na X-Trail isitoke mikononi mwako kabla hujaanzisha uhamisho kwa jina la yadi au la mnunuzi wao, naye akaukubali kwenye akaunti yake. Broka atakuambia "tutahamisha tukipata mteja". Kataa. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na inatoa siku 14 tu za kubadilisha jina. Gari likigonga mtu huko Mlolongo mwezi ujao, polisi watakuja Juja.

Hati ya mauziano iandikwe tarehe na saa ya kukabidhi, mileji, namba ya chesisi na ya injini, namba za vitambulisho na PIN za KRA za pande zote mbili, na mashahidi. Bima ya X-Trail haihami na gari. Siku hiyohiyo toa cheti chake kwenye kioo, iambie kampuni ya bima ikifute, uombe salio lihamishiwe Demio, na usiiendeshe Demio kutoka yadi kabla cheti chake cha bima hakijatolewa.