Krismasi ya mjini na mtoto mdogo: chagua machache, yarudie mara nyingi

Wazazi wengi wenye watoto wa chini ya miaka mitano huingia mwezi wa Desemba wakiwa na orodha ndefu kichwani: mti mkubwa wa katikati ya mji, kwaya, Baba Krismasi, ununuzi wa zawadi, kuwatembelea ndugu, ibada ya mkesha, fataki. Kadiri mji unavyopambwa ndivyo orodha inavyorefuka, kwa sababu kila mtaa una jambo lake na kila jambo lina tangazo lake. Nimezunguka mjini na binti yangu tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni hadi sasa anapodai kutembea mwenyewe hata mahali pasipotembeka, na nimefikia msimamo ambao baadhi ya rafiki zangu huuona kuwa wa uvivu. Mtoto mdogo hahitaji kuiona Krismasi yote ya mji. Anahitaji kipande kidogo kilicho karibu, anachokirudia hadi akakizoea na kukihesabu kuwa chake.

Kinachoamua kama matembezi yatakuwa ya raha au ya machozi, kwanza kabisa, ni usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 katika kila saa 24, ukiwamo ule wa mchana, na mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13. Ugumu wa Krismasi ni kwamba uzuri wake mwingi huwashwa jioni, yaani wakati uleule ambao mtoto amechoka, ana njaa na anataka kwao. Siku ninayokusudia kumtoa binti yangu jioni, usingizi wake wa mchana siugusi kwa sababu yoyote ile, hata mgeni awe ameshafika mlangoni, kisha tunatoka giza linapoanza kuingia na taa zinapowashwa, bila kusubiri saa ya shughuli rasmi. Kwa mtoto mdogo, taa za machweo na taa za saa nne usiku ni taa zilezile. Kinachozitofautisha ni umati uliozizunguka.

Kuhusu umati, jaribu kuchuchumaa kidogo katikati ya watu waliokusanyika mbele ya mti wa Krismasi, uone kile anachokiona mtoto aliyeketi katika kigari chake. Ni magoti, mikoba na mifuko ya manunuzi. Kigari kinafaa sana kwa kubebea nepi, maji na koti la akiba, lakini mahali penye msongamano ni heri mtoto awe kwenye mbeleko au mabegani mwa mtu mzima, kwa kuwa anaona mbali na wewe unajua yuko wapi. Kama anatembea mwenyewe, mpige picha kabla hamjatoka nyumbani, ili nguo alizovaa siku hiyo zisikuponyoke kichwani ukipatwa na taharuki, na umwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi. Mfundishe pia jina lako kamili, kwa maana mtoto aliyepotea akiulizwa mama yake ni nani hujibu kwa uhakika mkubwa kwamba ni Mama. Na mwambie kwamba asipokuona asimame palepale alipo, kwa sababu wewe ndiye utakayerudi kumtafuta.

Sasa nije kwenye raha yenyewe. Ushauri ninaoupenda kuliko mwingine wote ni huu: mpeleke mtoto kutazama mji ukipambwa, na usingoje hadi uwe umekwisha kupambwa. Siku za mwanzo wa Desemba huwa na mafundi juu ya ngazi, nyaya zilizokunjwa kama kamba za kuanikia nguo, na masanduku ya mapambo yaliyofunguliwa mbele ya maduka. Hakuna umati, hakuna kiingilio, na kazi inafanyika mchana. Binti yangu aliwahi kumtazama fundi mmoja aliyekuwa akitafuta balbu mbovu katika mshipi wa taa ambao nusu yake ilikuwa inawaka na nusu imezimika. Fundi alikuwa akichomoa balbu moja, anaipuliza, anairudisha, anasogea kwenye inayofuata, na kila mara binti yangu alitangaza, "Imelala." Ile nusu ya pili ilipowaka kwa ghafla alipiga kelele, "Imeamka!" hadi fundi akacheka na kushikilia ngazi. Kuanzia hapo mtaa ule ukawa wake. Kila tulipopita aliuliza kama taa zimelala au zimeamka, na mti mkubwa wa katikati ya mji, ambao watu husafiri kwenda kuuona, aliutazama kwa adabu tu.

Jambo la pili linalofanana na hilo ni pango la Noeli, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu. Makanisa mengi huliweka katika siku za Majilio, yaani wiki za kuingojea Krismasi, na karibu ni pambo pekee la Krismasi lililo kwenye kimo cha mtoto: halining'inii, halimetimeti, na lina wanyama. Desturi hii hunasibishwa na Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, aliandaa hori lenye nyasi kavu pamoja na ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho yao habari waliyozoea kuisikia tu. Sababu hiyo ndiyo inayolifanya pango limfae mtoto asiyeweza bado kufuata mahubiri. Katika makanisa mengi hori huachwa tupu hadi usiku wa tarehe 24, ndipo sanamu ya mtoto Yesu huwekwa. Mpeleke mwanao kabla na umrudishe baada ya hapo. Wetu alizunguka pande zote, akachungulia nyuma ya punda, akauliza mtoto yuko wapi. Alipoambiwa kwamba bado hajazaliwa, alikubali jibu hilo kwa utulivu kuliko alivyokubali maelezo yangu yoyote kuhusu kusubiri.

Na kusubiri ni kazi ngumu kwa mtu asiyejua wiki ni nini. Mwaka 1839 mwanateolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akiwalea watoto maskini mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mbao akalipanga mishumaa, mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili za Majilio na midogo kwa siku nyingine, ukawa unawashwa mshumaa mmoja zaidi kila siku hadi mkesha wa Krismasi. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakimuuliza kila mara kama Krismasi imefika. Huko ndiko lilikotoka shada la Majilio linalojulikana leo. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo nisingependekeza moto wa kila siku. Sisi hutumia vipande vya karatasi vilivyobandikwa ukutani, anakibandua kimoja kila asubuhi, naye huona kwa macho kwamba siku zilizobaki zinapungua. Maswali hayaishi, lakini angalau mtoto anaweza kujijibu mwenyewe.

Baba Krismasi anahitaji aya yake, kwa sababu ndiye anayesababisha vilio vingi kuliko mtu mwingine yeyote katika msimu huu. Hofu ya mtoto kwa mtu asiyemfahamu huanza kwa kawaida kabla hajatimiza mwaka mmoja, na hudumu kwa wengi hadi mwaka wa pili au zaidi. Mtoto husoma uso ili ajue kama yuko salama. Huyu mzee, ambaye sehemu kubwa ya uso wake imefunikwa kwa ndevu bandia, hana uso wa kusomwa, na juu ya hayo ana sauti nzito na amevaa nguo ambazo mtoto hajawahi kuziona kwa mtu mwingine. Kumkalisha mtoto kwa nguvu kwenye mapaja yake ili picha ipatikane ni kumfundisha kwamba hofu yake haina maana, na picha yenyewe huwa ya mtoto anayelia. Simameni mbali, mtazameni watoto wengine wakienda, mpungieni mkono, na kama mwanao ataamua kusogea mwakani, hakuna kilichopotea. Atakapokuwa mkubwa wa kuuliza kama mzee huyo yupo kweli, unaweza kuanzia kwa Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira katika nchi inayoitwa leo Uturuki, aliyeishi karne ya 4 na kusifika kwa kuwasaidia maskini kwa siri. Hapo unakuwa hujasema uongo na hujaharibu sherehe.

Usafiri nao unaweza kuwa sehemu ya sherehe badala ya kuwa adhabu inayoitangulia. Tunapotaka kutazama taa bila kutembea, tunapanda basi jioni, tunaketi dirishani, na tunakwenda hadi mwisho wa njia kisha tunarudi nalo bila kushuka. Desemba ndio mwezi pekee ambao foleni ya magari ina faida, kwa kuwa basi lililokwama mbele ya jengo lililopambwa humpa mtoto nafasi ya kulitazama kwa kadiri anavyotaka.

Kanisani, ushauri wa kawaida ni kwamba mwenye mtoto akae nyuma karibu na mlango. Mimi sikubaliani nao. Aliyekaa nyuma huona migongo tu, na asiyeona kitu ndiye anayeanza kusumbua. Keti mbele kadiri inavyowezekana, lakini mwishoni mwa safu, upande wenye mlango wa pembeni, ili mtoto aione kwaya na wewe uweze kutoka kimya akichoka. Mkesha wa usiku wa manane waachieni wakubwa, au mzazi mmoja aende na mwingine abaki nyumbani. Ibada ya asubuhi au ile iliyoandaliwa kwa ajili ya watoto inamtosha. Fataki tunazitazama tukiwa ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, naye akiwa amepakatwa.

Zawadi ni uwanja wa ndugu, na si rahisi kumwambia shangazi au babu apunguze mapenzi. Hata hivyo kuna hoja ya kuwapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo nchini Marekani walichapisha mwaka 2018 utafiti uliowalinganisha watoto wadogo wakicheza na vitu vya kuchezea 4 na wakicheza na vitu 16. Walipokuwa na vichache walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi. Kwa hiyo asubuhi ya Krismasi mtoto afungue kimoja, acheze nacho mpaka atakapokiacha mwenyewe, ndipo kije kingine, hata kama itachukua hadi kesho yake. Vingine vifichwe na vitolewe kimoja kimoja katika miezi inayofuata. Aliyeleta zawadi atumiwe picha ya mtoto akiichezea, na hapo manung'uniko mengi hukoma.

Kabla hujamwachia kitu chochote kinachowaka au kuimba, hakikisha kwamba mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Betri ndogo bapa, zenye umbo la kitufe, zimo katika kadi zinazoimba, mishumaa ya umeme na mapambo mengi ya msimu huu; mtoto akimeza moja na ikakwama kwenye umio, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba ameimeza, mpeleke hospitali papo hapo, usingoje dalili. Mapambo ya vioo na yale madogo yanayoweza kumkaba yawekwe juu ya mti, na sehemu ya chini ipambwe kwa vitu vya kitambaa au karatasi ambavyo anaruhusiwa kuvivuta, kwa sababu atavivuta tu.

Mwisho, msifanye kila kitu kabla ya tarehe 25. Katika kalenda ya Kanisa, siku hiyo ndiyo mwanzo wa majira ya Noeli, yanayoendelea angalau hadi Epifania, tarehe 6 Januari, na baadhi ya Makanisa ya Kiorthodoksi yanayofuata kalenda ya kale ya Yulio huadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari. Katika siku hizo kati ya Krismasi na mwaka mpya, miji mingi huwa bado ina taa, pango lina mtoto wake, wanunuzi wameondoka, na mzazi hana tena haraka ya kununua chochote. Matembezi yetu mazuri yamekuwa ya siku hizo. Jambo moja la kuangalia ni siku ya kuondolewa kwa mapambo: ulizia mapema, umwambie mtoto, na mwende kuyaaga mtaani kwenu kabla mafundi hawajayashusha, vinginevyo utaulizwa taa zimekwenda wapi hadi mwezi wa Februari.