Kwanza tuambiwe ndani ya kifuko mna nini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mitishamba inaponya tumbo la IBS?" Mimi nauliza kwanza: mitishamba ipi, na tumbo lipi? IBS, yaani maumivu ya tumbo ya kujirudia pamoja na choo kuvurugika, kwa huyu ni kuharisha, kwa yule ni choo kigumu, na wapo wanaopokezana vyote viwili. Muuza dawa ana unga mmoja kwa wote.

Dada yangu ni wa kuharisha. Aliuziwa unga kwenye kifuko kisicho na hata jina, akaambiwa "unasafisha tumbo", kijiko kimoja usiku kwa maji ya moto. Kulipokaribia kucha alikuwa amejikunja mlangoni mwa choo, tumbo linamsokota, jasho linamtiririka. Tukampigia muuzaji. Akafurahi kabisa: "Vizuri, uchafu unatoka!" Uchafu gani, baba? Shangazi, anayezijua dawa za mimea kuliko huyo bwana, akaumwaga unga kwenye karatasi nyeupe, akawa anautenga kwa ncha ya kisu: vumbi la majani, vipande vya mizizi, halafu vijiganda bapa, vyepesi, vya kijani kilichofifia, alama za mbegu bado zinaonekana. "Sanamaki," akasema. Dawa nzuri ya kufungua choo, huusukuma utumbo mpana ufanye kazi. Ndiyo kapewa mtu anayeharisha! Nilikaa kuandika barua hii nikitaka biashara yote ipigwe marufuku.

Lakini hapo nitakuwa nimemfungia na shangazi. Mafuta ya mnanaa yamepimwa kwa wagonjwa na hupunguza maumivu, kwani mentholi hulegeza misuli ya utumbo (yawe kwenye kapsuli isiyoyeyuka mpaka ifike utumboni, la sivyo utapata kiungulia). Maganda ya isapgoli hulainisha choo kigumu. Tena mwaka 2010 mtafiti Ted Kaptchuk wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti: wagonjwa wa IBS walipewa vidonge wakiambiwa wazi havina dawa, na asilimia 59 wakapata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 kwa wasiopewa kitu. Kwa hiyo anayesema "mimi unga ule umenisaidia" simwiti mwongo.

Basi jibu langu ni ndiyo, tumieni, ilimradi mmea una jina na muuzaji ameuliza choo chako kikoje kabla ya kukupimia. Anayeona damu chooni, anayekonda bila sababu, au ambaye tatizo limemwanza baada ya miaka 50, aende hospitali kwanza. Huenda si IBS kabisa. Dada sasa anameza kapsuli za mnanaa na nafuu anaipata, ingawa siwezi kuapa kama ni mnanaa au ni imani.